Rangi ya Dakota ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Uyole, hapa Mbeya, leo ni ya kukaa kwenye duka langu la uchapaji na blanketi. Lakini mimi ninachemka. Sosthenes ametuma picha ya ndege yake.

Ni Dakota, ile ndege ya zamani ya injini mbili. Ameipaka rangi upya kwa ajili ya Jumamosi. Tumbo la fedha, mgongo mweupe, na ubavuni mstari wa bluu kutoka puani hadi mkiani. Watu kumi na watatu wa kundi letu la WhatsApp wamempigia makofi. Kundi lina watu kumi na watano. Ukimtoa yeye mwenyewe, anayebaki ni mimi.

Siku nikizeeka nikasoma haya, nikumbuke: sisi ni Marubani wa Sebuleni. Hakuna hata mmoja wetu mwenye leseni. Tunarusha ndege kwenye simuleta, yaani kompyuta, usukani wa kufunga mezani, na pedali za miguu. Mimi nina kiti cha dereva wa semi trela, nilikipata kwa wauza vyuma chakavu. Sosthenes ni fundi seremala, yuko Mafinga. Amejichongea chumba kizima cha rubani kwa mbao za msonobari, mpaka na kitasa cha mlango. Kile kitasa tumetumiwa picha zake tisa.

Kila Juni kundi zima tunarusha ndege za zamani pamoja, kutoka Mbeya hadi Iringa. Mwenye rangi za kweli ndiye anayetangulia, wengine wanafuata. Mwaka jana nilifuata mkia wa Sosthenes saa nzima. Naujua ule mkia kuliko ninavyoyajua majirani zangu.

Mwaka huu Mwenyekiti wetu, Mwalimu Rabson wa Iringa, amesema hataki rangi za kubuni. Anataka ushahidi kwamba Dakota zilizotua Mbeya enzi zile zilikuwa hivyo kweli. Mwisho Alhamisi.

Ushahidi! Ushahidi ninao. Unaota jua uani, hatua ishirini kutoka jikoni kwangu, na una kikombe mkononi.

Ni baba mkwe. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye uwanja wa zamani wa Mbeya, akipunga vibao viwili kuzielekeza ndege mahali pa kusimama. Kila mstari uliotua pale aliuona kwa macho yake.

Na tatizo ni hilo hilo: ni baba mkwe. Kwetu Rungwe, mke hamtazami baba wa mume wake, hasemi naye, wala hataji jina lake. Wengi hapa mjini wameacha, siku hizi wanapeana mpaka mikono. Sisi hatujaacha. Mwaka wa kumi na moja huu wa ndoa, naishi nyumbani kwake, na sura yake naijua kwa picha ya ukutani tu. Akitoka nje anakohoa. Mimi nikitoka nagonga mfuniko wa sufuria. Mambo yanakwenda vizuri. Ajali imetokea moja tu, mwaka 2019, pale bombani: kila mmoja alirudi kinyumenyume kwa heshima, tukagongana migongo.

Jumapili anahamia Rujewa kwa shemeji Lutengano, kwenye joto, kwa sababu ya magoti yake. Nina siku sita. Njia lazima ipatikane.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: Gwakisa.

Mume wangu ni mtu wa viazi. Anatafiti viazi, anazungumza viazi, na wiki hii amechukua likizo ili amsindikize baba yake, lakini bado anawaza viazi. Hata hivyo ni mtoto wa mzee, anaruhusiwa kumwona. Nikamwandikia maswali kumi, nikampa na kalamu.

Alikaa uani saa mbili nzima. Akarudi na habari ndefu ya ugonjwa wa majani ya viazi wa mwaka 1978. Nikamuuliza kuhusu mstari. Akasema mstari Baba anaukumbuka sana, ulikuwa unapendeza. Rangi gani? Hakuuliza!

Nikamrudisha. Safari hii alikuja na jibu: rangi ya chai.

Chai ipi? Ya maziwa au ya rangi? Iliyokolea, au ile ya wageni ambao hawakutarajiwa? Gwakisa alisema yeye si posta, akaenda kuoga.

Basi nikachemsha birika. Vikombe vinne, kila kimoja kimekolea kivyake, nikavipanga dirishani kwenye mwanga, nikavipiga picha. Rangi nikazichukua kwa programu ile ile ninayotengenezea kadi za harusi. Nikaipaka Dakota yangu mistari minne, nikaituma kwenye kundi na kuomba maoni kwa moyo safi.

Sosthenes aliuliza kama ndege imemwagikiwa uji. Kumi na wawili wakacheka. Mwalimu Rabson akaandika kwamba chai si ushahidi.

Nimevinywa vyote vinne kwa hasira.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili, wa kisayansi. Asubuhi dukani nilichapa karatasi yenye visanduku sitini vya rangi, kuanzia kahawia mpaka wekundu wa udongo, kila kisanduku na namba yake. Mzee aoneshe kwa kidole tu. Namba hata Gwakisa hawezi kuiharibu.

Nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni nisikilize. (Kusikiliza si kuona. Hilo nimelifikiria kwa kina.) Mzee aliishika ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha nikamsikia, taratibu:

"Mwanangu, rangi ya karatasi haina jua ndani yake. Mwambie mwenzio akatazame mlango wa banda la kuku."

Banda la kuku!

Gwakisa akaja kunieleza niliyokwisha kuyasikia, nami nikashangaa vizuri tu. Kumbe mwaka fulani lori lilirudi nyuma pale uwanjani likaigonga Dakota, likakipinda kifuniko cha tundu la mizigo. Mafundi wakafunga kipya. Cha zamani mzee akakiomba, akakibeba kichwani mpaka nyumbani, akakinyoosha kwa nyundo, kikawa mlango wa kuku. Yaani miaka kumi na moja, kila nikienda kutoa mayai nafungua ndege! Nimefungua ndege nikiwa na ndara!

Nikatoka mbio huku nagonga mfuniko. Nikasimama mbele ya ule mlango. Kijani. Kijani kibichi, juu hadi chini.

Nikajaribu kukumbuka ni mjinga gani aliupaka kijani. Ikanijia. Krismasi ya mwaka juzi, rangi iliyobaki ya geti, brashi ya mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Msasa vipande sita. Duka sikufungua.

Chini ya kijani changu kulikuwa na nyeupe. Hiyo ni ya marehemu mama mkwe, alipenda vitu vyeupe. Chini ya nyeupe, kijivu. Hapo nilishamsahau Sosthenes. Nilitaka tu kujua kilichokuwa chini ya kila kitu, na nani alikipaka, na siku hiyo alikuwa anawaza nini. Chini ya kijivu, bluu.

Bluu! Ile ile ya Sosthenes! Nilikaa chini kwenye pumba. Kuku walinizunguka, hawakuwa na la kunisaidia.

Lakini ukiwa umefika mpaka hapo huwezi kuacha. Nikasugua tena, polepole. Na chini ya bluu ikaja rangi ya chai. Iliyokolea, bila maziwa, ya nyumba yenye majani mengi. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikataka kuhakikisha kwamba hakuna nyingine chini yake. Nikahakikisha. Hakuna. Nilisugua mpaka bati likang'aa tupu, na rangi ya chai ikabaki kipande kimoja kando ya bawaba, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Ukucha huo nikaupiga picha kumi na moja, nikamtumia Mwenyekiti. Sosthenes akadakia kwamba ile ni kutu. Nikamjibu kwamba bodi ya ndege ni alumini, na alumini haishiki kutu.  Mtu wa mbao huyo, ataijulia wapi alumini?

Mwalimu Rabson ametoa uamuzi: ndege ilipakwa mara mbili, kwa hiyo rangi zote mbili ni za kweli, ila hii ni safari ya wazee na rangi ya chini ndiyo mzee. Ninatangulia! Mkia wa kufuatwa Jumamosi ni wangu!

Jioni nikiwa bado nacheka peke yangu, Gwakisa akaniambia jambo. Baba anauliza kama hiyo ndege kwenye kompyuta inaruka kweli, na mtu wa umri wake anaweza kukaa ndani. Kwa sababu yeye hajawahi kupanda.

Sikuelewa. Miaka kumi na tisa?

Hajawahi. Mwaka 1976 walimpa kiti cha bure mpaka Iringa, kumshukuru kwa kazi. Alinunua viatu kwa ajili ya safari hiyo. Dakika za mwisho akaletwa mama mjamzito aliyezidiwa, wa kukimbizwa hospitali, na ndege imejaa. Mzee akashuka kumpisha, akachukua vibao vyake, akaipungia iondoke. Hakupewa kiti tena, naye hakuomba.

Niliona aibu. Wiki nzima nimekuwa nikimchukulia huyu mzee kama kopo la rangi, naye ana kiti chake kilichoondoka bila yeye. Jumapili anakwenda Rujewa, na huko hakuna simuleta, kuna mashine ya kukoboa mpunga. Lazima aruke Jumamosi. Lazima atue Iringa.

Ijumaa, 13 Juni

Gwakisa ana wazo. Anasema nimfundishe yeye mambo ya msingi leo mchana, kesho akae na Baba, mimi niende zangu dukani. Nilicheka. Urubani si viazi. Na ndege inayotangulia ni yangu, siwezi kuikabidhi kwa mtu anayeuliza breki ziko wapi.

Mpango wangu ni bora. Nimefunga kamba katikati ya sebule, ukuta hadi ukuta, nikatundika vitenge vitatu. Mzee atakaa mbele kwenye kiti cha semi trela na usukani wake. Mimi nyuma ya pazia na skrini ya zamani inayoonesha picha ile ile. Gwakisa katikati. Mimi nasema, Gwakisa anarudia, mzee anafanya. Heshima iko palepale na urubani uko palepale.

Tumefanya mazoezi, Gwakisa akiwa kwenye kiti cha mzee na pia akijirudishia maneno mwenyewe. Tumeanguka kwenye mpunga wa Usangu mara mbili. Nimekaza kamba.

Jumamosi, 14 Juni



Saa nne mzee alikohoa mlangoni. Nikagonga mfuniko nyuma ya pazia. Gwakisa anasema alivaa suti na tai. Mimi chini ya kitenge niliona viatu tu: vyeusi, vya mtindo wa kale, vimepigwa kiwi, na soli hazijalika.

Hakukubali kuondoka mpaka mtu ampungie. Alisema ndege haiondoki yenyewe kama mbuzi. Basi Gwakisa akasimama mbele ya skrini na miiko miwili ya ugali, mzee akimsahihisha: mkono wa kulia juu zaidi, usitikise, rubani atadhani unafukuza nzi. Kundi zima likasubiri hewani. Hatimaye akaridhika, tukaruka.

Akaruka! Mkono mtulivu kuliko wangu. Sosthenes, nyuma yetu na mstari wake wa bluu, akamwamkia kwenye spika, shikamoo Mzee. Mzee akamjibu marahaba, akamwambia na hiyo bluu anaikumbuka, ya miaka ya mwisho ile. Sosthenes alifurahi kama mtoto. Sikuchukia sana.

Mzee alitaka kujua kila kitu. Uyole iko wapi? Banda la kuku lingeonekana? Kwa nini mto ukiwa juu unauona umesimama? Mafinga ni ule msitu, au msitu ni kivuli cha wingu? Kwa nini mpunga wa Rujewa umekatwa miraba lakini njia za ng'ombe zinapinda? Mimi najibu, Gwakisa anarudia, mzee anasema aaa, kisha anauliza tena. Ile ya ng'ombe sikuijua. Mpaka sasa naifikiria.

Kisha Iringa ikakaribia, na mzee akataka kuiona vizuri. Akainua pua. Mwendo ukaanza kuisha.

Nikasema ashushe pua. Gwakisa akasema, Baba, anasema ushushe pua. Mzee akauliza kwa nini tushushe pua wakati tayari tunaanguka. Swali zuri! Siku nyingine ningelijibu kwa furaha! Gwakisa akanigeukia anirudishie swali. King'ora kinalia. Sosthenes anapiga kelele kwenye spika, pua, pua! Ardhi hiyo inakuja.

Sikumbuki nilivyoamua. Kamba ilikatika, vitenge vikaanguka, nikapita juu ya meza ndogo, nikaukamata usukani kupitia begani kwake. Begani kwa baba mkwe! Pua chini, injini mbele, pua juu. Tukagonga ardhi, tukaruka, tukagonga, tukaruka, mara tatu, tukasimama kwenye nyasi kando ya uwanja. Iringa! Kundi likashangilia.

Halafu nikauachia usukani. Nikatazama nilipokuwa. Mzee alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na macho ameyafumba kwa nguvu zake zote. Aliyafumba tangu kamba ilipokatika.

Akauliza, "Gwakisa, tumefika?"

Gwakisa akasema tumefika, Baba.

Mzee akasema ndaga, asante, akanyoosha mkono aongozwe. Akatoka nje amefumba macho hivyo hivyo, mpaka uani.

Miaka karibu hamsini ameisubiri Iringa. Imefika mbele yake, naye hakuitazama, kwa kunistahi mimi niliyeshindwa kukaa nyuma ya kitenge. Nimelia mpaka Gwakisa ameacha kunibembeleza akaenda kupika.

Jumapili, 15 Juni

Wameondoka baada ya ibada. Mimi nilikaa jikoni. Gari lilipowaka nikagonga mfuniko mara tatu. Nje mzee akakohoa mara tatu. Nikalia tena.

Gwakisa amerudi jioni na salamu. Mzee hana kinyongo. Anasema amefurahi kuliko maelezo, ameona kila kitu mpaka vilima vya Iringa, kilichobaki ni kutua tu. Krismasi atakuja kumalizia. Sharti moja: mkwe wake akae mahali asipoweza kuonekana, yeye pamoja na mikono yake.

Gwakisa amerudia wazo lake. Ana miezi sita ya kujifunza. Hata Sosthenes amepiga simu kusema yuko tayari kumfundisha kidogo kidogo kwa simu, kwa heshima ya Mzee. Sosthenes, afundishe urubani kwenye nyumba yangu! Nimekataa kwa adabu na nimekata simu bila adabu.

Jumatano, 18 Juni

Nimelitafakari kosa la Jumamosi siku tatu. Sasa nimelijua. Kosa lilikuwa kamba.

Pazia linaanguka, meza haianguki. Nitakaa chini ya meza. Nimepima: ninaenea, magoti yakikunjwa na shingo ikilazwa upande. Pedali nazishika kwa mikono. Skrini siioni, lakini nimeweka kioo cha Gwakisa cha kunyolea ndevu sakafuni, kinaonesha sehemu. Kushoto kunakuwa kulia. Nitazoea. Mchana nimejaribu peke yangu, usukani nimeufunga kwa kamba ya viatu, nimeingia kwenye misonobari ya Sao Hill mara mbili tu.

Nilikuwa bado huko chini nikipumzisha shingo Gwakisa alipoingia. Hakuniona. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti changu, akapiga simu. Kwa sauti nikamtambua Sosthenes. Kumbe wanazungumza kila jioni tangu Jumapili! Soksi zake zilikuwa karibu na pua yangu. Nikabana pumzi, sikugusa kitu. Akairusha Dakota yangu kutoka Iringa, akazunguka mji taratibu, akarudi, akatua katikati ya uwanja. Haikuruka hata mara moja. Sosthenes akasema safi sana, sasa Mzee aje tu. Gwakisa akaimba wimbo wa kwaya, akaenda kuangalia viazi.

Nimebaki hapa chini na ndiko ninakoandikia. Nina furaha sana. Ni mara ya kwanza kabisa mimi kukaa chini ya meza ndege ikirushwa na mtu mwingine, na imetua salama salimini! Mpango unafanya kazi. Kesho natafuta mto wa kuweka chini ya shingo, na kioo kikubwa zaidi.